Uvivu wa kufikiri hauna dhehebu

Mwishoni mwa Desemba watu wa Dodoma tunatembea tukitazama juu. Mchana mawingu yanajikusanya, upepo unainua vumbi, akina mama wanakimbilia kuanua nguo, halafu jioni anga linasafika bila hata tone. Msimu mmoja, mvua ikiwa imechelewa kiasi cha wiki tatu, nilikuwa nimekaa kwenye mabenchi ya muuza kahawa karibu na soko la Majengo. Mwinjilisti mmoja wa mtaani kwetu, mzee ninayemheshimu, alisema bila kuinua macho kwenye kikombe: "Mji umejaa baa kila kona. Mlitegemea Mungu awape mvua?" Kijana aliyekaa benchi la pili, mwanafunzi wa chuo kikuu asiyeficha kwamba hasali popote, akamjibu: "Hapana, mzee wangu. Hayo ni mabadiliko ya tabianchi. Sayansi ilishamaliza hiyo habari." Kijiwe kikagawanyika pande mbili, na hadi adhana ya alasiri inasikika hakuna aliyekuwa amesogea hata hatua moja.

Nilirudi nyumbani na uzito moyoni, na si kwa ajili ya mvua tu. Katika saa nzima ya maneno makali hakuna aliyeuliza swali.

Na ya kuuliza yalikuwapo. Je, kabla ya baa, mvua haikuwahi kuchelewa? Wazee wa Kigogo wana majina ya njaa zao, na mojawapo inayokumbukwa sana ni Mtunya, ya kati ya 1917 na 1920, wakati Dodoma bado ni mji mdogo wa kando ya reli. Ukame ulikuwamo katika njaa ile. Lakini kabla yake majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yamepita yakichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Kwa hiyo hata swali la "kwa nini watu walikufa njaa" haliishii mawinguni.

Kwa kijana nako kulikuwa na la kuuliza. Dodoma hupata kama milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, kwa msimu mmoja unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuishia Aprili, na mvua kukatika katikati ya msimu ni tabia ya zamani ya nchi hii. Mabadiliko ya tabianchi yapo, na ushahidi wake ni mzito. Ila wiki tatu za mwaka mmoja haziyathibitishi wala haziyakanushi. Hilo linataka kumbukumbu za miaka thelathini na zaidi zikae pamoja mezani. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kwa mikoa yenye msimu mmoja wa mvua kabla msimu wenyewe haujaanza. Simu zilikuwa mikononi mwetu sote pale kijiweni. Hakuna aliyefungua yake akatazama, mimi nikiwamo.

Jibu la kijana lilikuwa jirani zaidi na ukweli kuliko la mzee, sina shaka na hilo. Lakini alilitumia kama mto wa kulalia. Wote wawili walikuwa na sentensi moja iliyowaruhusu kuacha kufikiri, na tofauti yao ilikuwa kwenye kitambaa cha mto tu.

Nini hasa tunachokiita uvivu

Watu wengi wakisikia "uvivu wa kufikiri" wanadhani ni ujinga. Si hivyo. Asiyejua kwa sababu hajapata nafasi ya kujua hana lawama. Uvivu huu pia si imani yenyewe, kwa sababu wapo waumini wanaouliza hadi usiku, na wala si kukosa shule, kwa sababu wapo wenye shahada tatu ambao hawajabadilisha wazo hata moja tangu wahitimu. Nausema hivi: ni kuacha kuuliza pale jibu linapotupendeza.

Ndiyo maana mtu yuleyule anaweza kuwa mkali asubuhi na mvivu jioni. Mwinjilisti wetu ukimpelekea karatasi ya kiwanja cha Nkuhungu atakuuliza maswali kumi kabla hujakaa. Ramani iko wapi? Majirani ni akina nani? Mwenyekiti wa mtaa anajua? Kwa nini bei ni ndogo hivi? Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, viwanja vimewafundisha watu wa Dodoma kushuku kila karatasi. Uwezo wa kupima hoja anao, tena mzuri. Ila akisikia ushuhuda wa muujiza uliotokea nchi ambayo hajawahi kuikanyaga, hata swali moja kati ya yale kumi haliulizi. Na kijana wa chuo, anayemcheka mzee kwa hilo, ataamini video ya dakika nne inayosema kwamba Yesu hakuwahi kuishi, kwa sababu msemaji ana miwani na rafu ya vitabu nyuma yake. Hajui kwamba karibu wanahistoria wote wa zama zile, wakiwamo wasioamini, wanakubali kwamba mtu huyo aliishi, hata kama wanabishana juu ya mengine yote.

Kuna mchezo mmoja unaoonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yangu. Ulibuniwa na Peter Wason, mwanasaikolojia wa Uingereza, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1960. Siku chache baada ya ubishi wa mvua niliupeleka kijiweni. Nikawaambia: nina kanuni kichwani, na namba 2, 4, 6 zinaifuata. Nitajieni namba tatu nyingine, nami nitasema ndiyo au hapana. Ukiwa na uhakika, niambie kanuni.

Mwinjilisti alianza. "Nane, kumi, kumi na mbili." Ndiyo. "Ishirini, ishirini na mbili, ishirini na nne." Ndiyo. Akajiegemeza nyuma: "Ni namba shufwa zinazopanda kwa mbili-mbili." Nikamwambia siyo. Kijana akatabasamu, akaingia: "Moja, tatu, tano." Ndiyo. "Mia moja na moja, mia moja na tatu, mia moja na tano." Ndiyo. "Basi ni namba yoyote, mradi inayofuata izidi kwa mbili." Siyo. Wakajaribu wengine, fundi cherehani, dereva wa bajaji, ustadhi wa madrasa ya jirani. Kila mmoja alitaja namba alizotarajia zikubaliwe, nami nikazikubali, na kila "ndiyo" ikamzidishia uhakika wa jambo lisilo kweli.

Kanuni ilikuwa nyepesi kuliko zote walizotaja: namba tatu zinazopanda, basi. Ukitaja 2, 4, 9, ni ndiyo. Ukitaja 1, 50, 51, ni ndiyo. Kuigundua kunataka utaje namba unazodhani zitakataliwa, uone kama kweli zinakataliwa. Hakuna aliyefanya hivyo, na katika jaribio la Wason pia ni wachache tu waliopata kanuni kwa jibu lao la kwanza. Sikuwaambia kanuni. Waliondoka wamenuna kidogo.

Ndani ya mchezo ule sioni tofauti ya anayesali na asiyesali. Wote tunapenda kusikia ndiyo.

Mama mdogo

Nina sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mama yangu mdogo alikuwa na kisukari. Aliishi kijijini, wilaya ya Chamwino, akilima mtama na karanga, na kituo cha afya alichokwenda kilimpa vidonge vya kumeza asubuhi. Alivimeza. Katika miezi ya Januari na Februari, ghala likiwa limebaki sakafu na mavuno mapya bado yako shambani, alikuwa akimeza kidonge alfajiri na kwenda kupalilia bila kutia kitu tumboni hadi jua la saa sita. Huko shambani alianza kutetemeka, jasho jembamba likimtoka, macho yanaingia giza. Alinipigia simu kunieleza. Nikamwambia, "Pole mama, ni dawa hizo, utazizoea."

Baadaye akaenda kwenye mkesha wa maombi. Akaombewa, na mhubiri akamwambia aache vidonge kama ishara ya imani. Aliviacha. Ndani ya siku tatu kutetemeka kukaisha, jasho likaisha, akapata nguvu za kulima mpaka mchana. Alisimama kanisani akatoa ushuhuda huku akilia. Baada ya miezi kadhaa kidonda cha mguuni kikakataa kupona, tukamleta mjini, na hakurudi tena kijijini akiwa hai.

Msibani nilisikia sauti mbili. Upande wa jikoni akina mama walisema: "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Upande wa turubai binamu yangu, msomi, mtu ninayempenda, alisema kwa hasira: "Dini ndiyo imemuua." Kwa muda mrefu nilikuwa upande wa binamu. Mpaka siku nilipomsimulia nesi mmoja habari yote, naye akaniuliza kitu kimoja: "Alikuwa anakula saa ngapi?"

Kuna vidonge vya kisukari vinavyolisukuma kongosho litoe insulini hata kama tumboni hakuna kitu. Ukivimeza na njaa kisha ukaenda kulima, sukari inashuka mno, nawe unatetemeka, unatokwa jasho, unaona giza. Mama mdogo alipoacha vidonge, mtetemo uliisha kweli. Hakudanganywa na macho yake wala hakuzua ushuhuda. Alipona kitu, ila si kisukari. Alichokosa ni mtu wa kumwambia: mama, kutetemeka kumeisha, tushukuru, sasa na sukari yenyewe tuipime.

Nikitazama mlolongo ule naona watu wengi waliosimama hatua moja kabla. Mhubiri alipata ushuhuda alioutaka, akasimama hapo. Aliyempa dawa hakuuliza kuhusu chakula katika nchi ambayo kila mtu anajua Februari ni mwezi wa njaa. Mimi niliambiwa dalili zote kwa simu nikajibu kwa neno la kutuliza. Na binamu yangu, aliyekuwa karibu na ukweli kuliko sisi sote, naye alisimama: "dini imemuua" ilimpa hasira ya haki na ikamwondolea kazi ya kujua kwa nini mwanamke mwerevu aliona kuacha dawa ni jambo la maana. Maneno yake hayatamsaidia mgonjwa mwingine hata mmoja anayemeza kidonge na njaa, awe anakwenda kwenye mikesha au haendi.

Najua wapo watakaosema nawapunguzia wahubiri wa aina ile lawama. Hapana. Kumwambia mgonjwa aache dawa ni kosa kubwa, na anayelifanya anacheza na uhai wa mtu. Nasema tu kwamba lawama, hata ikiwa ya haki, haifanyi kazi ya maelezo.

Karanga, na barafu ya mwanafunzi

Wasomi tukikaa wenyewe tunapenda kuamini kwamba ugonjwa huu uko makanisani na misikitini. Basi twendeni Kongwa, mwendo usiofika saa mbili kwa gari kutoka hapa mjini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 likaja wazo la kulima karanga Tanganyika kwa mashine. Ujumbe wa wataalamu ulizunguka kwa ndege na magari kwa wiki zipatazo tisa, ukaandika ripoti yenye hesabu nzuri za ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Yalikuja matrekta, mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya vita.

Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Ukinyeshewa, unalimika. Jua likipiga, unakuwa kama sakafu, na karanga ni zao linalozaa chini ya ardhi. Vyuma vilivunjika kwenye mizizi na kwenye udongo, na karanga zilizokomaa hazikung'oka. Mvua nazo zilikuja jinsi zinavyokuja Ugogo siku zote, leo nyingi, kesho hakuna. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule, baada ya kupoteza kiasi kinachotajwa kuwa pauni milioni 36.

Katika mpango ule hakuna aliyesema tukeshe tukiomba. Kulikuwa na majedwali, ramani na watu wenye vyeti. Udongo ungepimwa kwa msimu mmoja wa kiangazi ungejibu. Mgogo yeyote aliyekwisha kuchimba karanga mwezi wa Juni angejibu bure. Lakini jibu zuri lilikuwa limeshaandikwa, Uingereza inalisubiri kwa hamu, na kila takwimu iliyokubaliana nalo ilipokewa kama "ndiyo" zile za pale kijiweni. Sayansi halisi ingewaokoa. Walichokuwa nacho ni heshima ya sayansi bila kazi yake.

Kisa cha Erasto Mpemba Watanzania wengi wanakijua, ila kipande chake kimoja hakisimuliwi sana. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliweka maziwa ya moto kwenye jokofu ili atengeneze aiskrimu, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne, aliyekuwa amewatembelea. Wanafunzi wenzake walimcheka. Osborne hakumcheka, alirudi chuoni akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akajaribu, akaleta majibu: kweli, maji yaliyoanza yakiwa ya moto yameganda kwanza. Kisha akaongeza kwamba wangeendelea kurudia jaribio hadi wapate jibu sahihi.

Kila nikisimulia sehemu hii nasikia sauti yangu mwenyewe. Kurudia hadi tupate jibu tulilolijua tangu mwanzo, ndivyo tunavyosoma maandiko, ndivyo tunavyotafuta habari mtandaoni. Mpemba na Osborne walichapisha makala yao mwaka 1969, na wanafizikia bado wanabishana mpaka leo kama jambo lile hutokea kwa uhakika na kwa sababu gani. Ubishi huo haunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba swali lilikaa miaka kadhaa kwa kukosa mwalimu wa kuweka vikombe viwili kwenye jokofu.

Sentensi za kufunga mlango

Kila kambi ina sentensi zake. "Usihoji, ni fumbo la imani." "Hiyo ni roho ya Ibilisi." Upande wa pili: "Hilo ni suala la ubongo tu." "Hayo ni mambo ya kale." Na inayotawala vijiwe vya vijana siku hizi: "Dini ililetwa na wakoloni."

Hii ya mwisho naikawilia kidogo kwa sababu ina ukweli ndani yake. Misheni na ukoloni vilishikana mikono mara nyingi katika nchi hii, na Mkristo anayekataa kulitazama hilo naye amefunga mlango wake. Lakini historia haikai kwenye sentensi moja. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walifika Mpwapwa miaka ya 1870, Wajerumani wakaanza kudai utawala mwaka 1885. Ufalme wa Aksum, Ethiopia ya leo, ulipokea Ukristo karne ya nne. Msikiti wa Kizimkazi kule Unguja una maandishi ya mwaka 1107. Na hata kama kila dini ingeshuka kutoka meli moja ya mkoloni, bado hilo lisingetuambia kama inachosema ni kweli au uongo, kama vile reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani haiwi ya uongo kwa sababu ya aliyeijenga. Chanzo cha wazo ni swali moja, ukweli wake ni swali lingine. Anayejibu la kwanza akadhani amejibu la pili amechoka mapema.

Waumini nao wana ndugu wa sentensi hiyo: "Asiyemwamini Mungu hana maadili." Kijana wa kijiweni anamlipia mdogo wake ada kutoka kwenye hela yake ya bumu, yaani mkopo wa chuo. Wanaosema hana maadili hawajawahi kumuuliza anaishije.

Kwa upande wa sayansi ya ulimwengu, nakipenda kisa cha Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji aliyekuwa pia mwanahesabu. Mwaka 1927 alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba zamani ulianza ukiwa umebanana mahali padogo. Fred Hoyle, mwanafizikia wa Uingereza asiyeamini Mungu, hakulipenda wazo hilo. Mwaka 1949, akizungumza redioni, ndiye aliyelipa jina la mlipuko mkubwa. Hoyle hakuwa mvivu hata kidogo. Ni mmoja wa waliotueleza jinsi kaboni iliyo kwenye miili yetu ilivyopikwa ndani ya nyota. Lakini ushahidi wa mnururisho uliosambaa anga zima, mabaki ya joto la mwanzo ule, ulipotangazwa mwaka 1965 na wenzake wengi wakabadili msimamo, yeye hakuukubali hadi alipofariki mwaka 2001.

Na padri je? Mwaka 1951 Papa Pius XII aliongea kana kwamba nadharia ile inathibitisha kuumbwa kwa ulimwengu. Lemaître angeweza kufurahi: Papa mwenyewe amekubali kazi yake. Badala yake alisikitika, akafanya jitihada Papa asiitumie tena hivyo, kwa sababu kwake nadharia ile ilikuwa fizikia, na fizikia inaweza kurekebishwa kesho. Alikataa "ndiyo" iliyotoka kwa mtu aliyemheshimu kuliko wote. Sijui waumini wangapi wa leo tungeweza.

Kuamini watu bila kulala

Hapa kuna fundo la kweli, na wanaokemea uvivu wa kufikiri hulipita haraka. Hakuna anayeweza kuhakiki kila kitu. Mimi sijawahi kuona kirusi, sijapima umri wa mwamba, siwezi kusoma Kiebrania. Karibu yote ninayoyajua nimeyapokea. Je, kumwamini daktari si uvivu uleule wa kumwamini mhubiri? Na muuza mbogamboga wa soko la Sabasaba anayeamka saa kumi alfajiri na kurudi usiku na watoto wa kulisha, tumwite mvivu wa kufikiri kwa sababu hakusoma utafiti? Mimi siwezi. Kuchoka si uvivu. Wenye muda, umeme na vitabu ndio tunaodaiwa zaidi.

Wanazuoni wa Kiislamu walilishughulikia fundo hili karne nyingi zilizopita, wakatofautisha taklidi, yaani kufuata rai ya mwenye elimu, na ijtihadi, yaani jitihada ya kuitafuta hukumu mwenyewe. Wengi waliona kwamba mtu wa kawaida anaruhusiwa kumfuata mjuzi. Hawakuona kwamba anaruhusiwa kumfuata yeyote. Kurani inaagiza habari ya mtu asiyeaminika ichunguzwe kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Katika Matendo ya Mitume, watu wa Beroya wanasifiwa kuwa waungwana kwa sababu walisikia mahubiri ya Paulo, wakayapokea kwa moyo, kisha wakayachunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo. Kama Paulo alikaguliwa, sioni kwa nini mhubiri wa mkesha asikaguliwe.

Kwa hiyo swali la kumuuliza ninayemwamini si "ana cheo gani". Je, jambo hili ni la fani yake? Akikosea, kuna namna ya kujulikana? Amewahi kukiri kosa hadharani? Nikimuuliza anakasirika? Fundi pikipiki wangu hana cheti, lakini akifunga injini vibaya nitajua kabla sijafika Ihumwa, naye anajua nitarudi. Mhubiri anayesema umepona na anayekukataza kupima amejiondoa mahali pa kusahihishwa. Mtoa mada wa mtandaoni anayefuta maoni ya wanaompinga amefanya vivyo hivyo.

Kipimo kingine ni kigumu zaidi, nami bado nashindwa nacho mara nyingi: kueleza hoja ya mpinzani wako hadi yeye mwenyewe aseme "ndiyo, hiyo ndiyo". Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, kabla ya kuwapinga wanafalsafa aliandika kitabu cha kueleza mafundisho yao, akaeleza kwa uaminifu kiasi kwamba wasomaji wa Kilatini huko Ulaya walidhani yeye ni mmoja wao. Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkatoliki wa karne moja na nusu baadaye, katika kitabu chake kikuu alianza kila swali kwa kuorodhesha hoja za wanaompinga, tena zikiwa na nguvu. Nimejaribu na binamu yangu. Nilimweleza anavyofikiri kuhusu dini, akanikatiza mara nne kunisahihisha. Kisha akajaribu kueleza kwa nini mimi bado nasali, na ikawa zamu yangu kumkatiza. Tulikaa hadi saa saba usiku. Hakuna aliyehama upande wake, lakini kwa mara ya kwanza tangu msiba tulizungumza habari za mama mdogo bila mmoja wetu kuondoka mezani.

Kuhusu mchezo wa namba: kesho yake nilipita kijiweni mapema, mabenchi yakiwa bado matupu. Muuza kahawa alikuwa anapuliza mkaa. Jana yake hakusema neno, alikuwa akimimina tu. Aliponipa kikombe aliuliza, "Mwalimu, kwenye ile kanuni yako, sita, nne, mbili?"

"Hapana," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa chenji sahihi. "Haya. Na mbili, tatu, mia tano?"

"Ndiyo."

Akaliweka birika chini.